Kitabu Hakina Mama

Mwalimu Bénédicte alikuwa amevunja chaki tatu, na hata saa tatu asubuhi haijafika. Hazikuvunjika ubaoni. Zilivunjikia kiganjani mwake kwa jinsi alivyozikaba, na chaki zenyewe si za kuchezea: mkuu wa shule huzitoa moja moja kama vidonge vya hospitali, na ukirudi kuomba nyingine anakuuliza kama unazila.

Mbele yake lilikaa darasa la tano. Watoto arobaini na wanane, benchi kumi na mbili, na ubaoni maneno matano kwa herufi kubwa: METHALI, KITENDAWILI, SHAIRI, MCHEZO, HADITHI. Manne yalikuwa na alama ya vema ubavuni. La tano halikuwa na kitu, na hii ilikuwa wiki ya tatu.

"Niliwapa devoir," alisema. "Muende nyumbani, muulize hadisi moja, mukuje muitoe hapa kwa kinywa. Moja tu! Nani iko nayo?"

Hakuna aliyeinua mkono. Ngongo, ambaye siku zote huinua mkono kabla swali halijaisha, leo alikuwa ameukalia.

"Ngongo, weye?"

"Nilisahau, Madame."

"Ibrahim?"

"Kwetu kulikuwa wageni, Madame."

"Gikundiro?"

Gikundiro aliinamisha kichwa, na huyo ndiye aliyemuuma mwalimu kuliko wote. Msichana huyu alishuka kutoka milimani juu mwaka uliopita, akapokewa na shangazi yake hapa Songo, na mtaa mzima ulijua kwamba jua likizama watoto hujaa uani kwa shangazi yule kumsikiliza. Mwalimu mwenyewe, siku moja akitoka kuchota maji, alisimama nyuma ya ua wao na bidoo lake kichwani mpaka shingo ikafa ganzi. Mtoto ana hadithi tele kama dagaa ziwani msimu wa ndagala! Na leo anainamisha kichwa kana kwamba ameulizwa nani kaiba sukari.

"Mupige magoti. Wote."

Wakapiga magoti, wote arobaini na wanane, wakisukumana kwa nafasi. Wahenga walisema hasira hasara, lakini wahenga hawakuwahi kufundisha darasa la tano.

Chanzo cha yote haya kilikuwa kasha. Kasha la bati la rangi ya kijani, ndani yake vitabu mia moja na ishirini vya watoto, lilikuwa limekaa katika ofisi ya mkaguzi tangu Pasaka. Wafadhili waliolileta walitaka liende kwenye shule moja tu, na mkaguzi, Monsieur Cyprien, mtu anayependa masharti kuliko chakula, akaweka lake. Angepita shule mbili: hii ya Songo na ile kubwa ya Kimanga. Darasa la tano litakaloonyesha aina zote tano za fasihi, kwa mdomo, kwa mifano iliyotoka nyumbani na si kitabuni, ndilo litakalochukua kasha. Zikishinda zote mbili, litaenda kwa yenye shida zaidi. Ikishinda moja, basi ndiyo hiyo.

Shule ya Kimanga ina madirisha ya vioo na kabati la vitabu lenye kufuli. Darasa la Bénédicte lilikuwa na vitabu viwili. Kimoja ni cha hesabu. Cha pili kilikuwa cha hadithi, lakini jalada na kurasa kumi na saba za mwanzo zilikwisha kwenda zamani, pengine kufungia karanga, kwa hiyo hadithi ilianzia ukurasa wa kumi na nane, fisi akiwa tayari yuko ndani ya shimo na analia. Nani alimtumbukiza? Hakuna aliyejua. Kwa miaka kumi na mmoja Bénédicte alikuwa amefundisha hadithi kwa kutumia fisi huyo, na kila mwaka watoto walimuuliza swali lilelile, na kila mwaka alijibu, "Tuendelee." Alikuwa amechoka na fisi. Alilitaka kasha lile mpaka akaona haya mwenyewe jinsi alivyolitaka.

Na jamani, alikuwa amehangaika! Methali zilimchukua siku nne, kwa sababu Ngongo alileta tangazo la simu alilolisikia redioni akaapa kwamba babu yake huwa analisema. Vitendawili vilikwenda vizuri mpaka watoto wakaanza kutegana majina ya walimu. Kwenye shairi, Ibrahim alighani beti alizofundishwa na bibi yake, vizuri kabisa, lakini benchi la nyuma likaanza kupiga madumu na ubao ukadondoka ukutani. Mchezo ndio usiseme. Aliwaambia waigize jambo wanalolifahamu, wakaigiza kizuizi cha barabarani, na waliokuwa askari walinogewa hadi wakawanyang'anya wenzao viazi vya mapumziko. Ilibidi mwalimu aingie katikati ya mchezo kurudisha viazi. Lakini yote hayo yalipata alama ya vema. Watoto walielewa. Ukiwauliza shairi latofautiana vipi na methali, watakueleza hata wakiwa usingizini.

Sasa ilibaki hadithi, kitu rahisi kuliko vyote, na wote wamekuwa mabubu.

"Tutabaki hapa mpaka muntu mumoja aseme," Bénédicte alisema.

Magoti yalianza kuuma. Mtoto mmoja akapiga chafya. Mwishowe Gikundiro alisema, kwa sauti ndogo, bila kuinua uso:

"Madame, ni mchana."

"Najua ni mchana. Niko na macho."

"Hadisi haitolewake mchana."

Ni kama alifungua mlango wa zizi. Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Ni kweli, Madame! Hata kwetu! Ukihadisia mchana, mama yako anakufa. Ibrahim akasema hapana, kwao mama hafi mara moja, kwanza anageuka mjusi. Gikundiro akasema kwao ng'ombe ndio wanaotangulia kupotea, halafu mama anatoka kuwatafuta, harudi. Wakabishana njia, lakini mwisho ulikuwa mmoja kwa Wafuliiru, kwa Waislamu wa Kimanga, kwa watoto wa milimani na kwa Warundi wa mpakani: ukitoa hadithi jua likiwa juu, anayelipa ni mama.

"Na hii?" Bénédicte alikinyanyua kitabu cha fisi. "Hii tunaisoma mchana kila siku! Mama wa nani amekufa?"

"Hiyo ni kitabu, Madame," Ngongo alisema, na akashangaa kwamba mtu mzima anahitaji kuelezwa. "Kitabu hakina mama."

Bénédicte alikibwaga kitabu mezani. Miaka kumi na mmoja! Kasha liko ofisini, mkaguzi anakuja Jumanne ijayo, na yeye anashindwa na mijusi!

"Ujinga!" alipaza sauti. "Muniambie basi! Nani hapa ndani amefiwa na mama juu ya hadisi? Anionyeshe mukono!"

Kelele zilikatika. Macho ya darasa zima yaligeuka, polepole, kuelekea benchi la tatu karibu na dirisha, kisha yakarudi sakafuni. Pale alikuwa amepiga magoti Tumaini, msichana mwembamba anayekaa kwa mama yake mdogo huko Kalundu, muuza samaki wa bandarini. Mama yake mzazi alikufa mwaka ule wa mafuriko, mto ulipoiingia nyumba. Si kwa hadithi yoyote. Bénédicte alijua. Lilikuwa limeandikwa katika daftari lake la wanafunzi, kwa mkono wake mwenyewe, na alikuwa amelisahau kwa muda wote ule aliokuwa akipiga kelele.

Angepaswa kumwomba mtoto radhi. Hakufanya hivyo. Alisema, "Mukae," akafuta ubao, na siku nzima aliona ladha ya chaki mdomoni.

Kesho yake alikuja na vitenge vinne na misumari. Kama shida ni mchana, basi ataleta usiku. Aliziba madirisha yote, akafunga mlango, darasa likawa giza na joto kama ndani ya chungu, na watoto wakafurahi sana wakaanza kufinyana.

"Haya. Sasa ni usiku. Gikundiro?"

Kutoka nje, jogoo wa jirani akawika, na kuku wake wakapita chini ya dirisha wakitetea.

"Madame," Ngongo alisema gizani, kwa huruma kabisa, "kuku bado wanatembea."

Akaing'oa misumari.

Alimwendea mkuu wa shule, Monsieur Mugabo, akamwomba amsihi mkaguzi aje jioni. Mkuu aliweka kalamu chini.

"Inspecteur atoke mu ofisi yake saa kumi na mbili ya magharibi, apande pikipiki, akuje Songo kusikiliza watoto, sababu ya kuku? Bénédicte, weye uko na malaria?"

"Basi nisaidie kuita wazazi."

Wazazi wakaitwa. Walikuja kumi na wanne, na hapo ndipo alipokata tamaa kweli, maana alitarajia watu wazima. Nourdine, baba yake Ibrahim, mwuza vitenge ambaye babu wa babu yake alilivuka ziwa hili na shehena, alisema yeye hufungua duka lake kwa bismillahi na haogopi kitu chini ya mbingu. Bénédicte akaanza kutabasamu. "Lakini hadisi ya mchana?" Nourdine akaendelea. "Apana, Madame. Hiyo tuiache." Shangazi yake Gikundiro, mwimbaji wa korali, alisimama baada yake.

"Sisi ni watu wa kanisa," alisema. "Hayo mambo hatuyaamini. Lakini Mukarusanga, mama ya huyu mutoto, alibaki kule juu na ng'ombe wa mwisho. Ni wiki mbili simu yake haipatikane. Unaniomba mutoto ajaribu. Ajaribu juu ya nini, Madame? Kama ni uongo, umepata kasha. Kama haiko uongo?"

Mtu anayekuambia haamini halafu anakataa, utamshika wapi?

Ilibaki hila, na hila ilitoka kwa mkuu. Achukue mtoto mmoja, amkaririshe kipande kutoka kitabuni, akiseme kama cha nyumbani. Kitabu si hakina mama? Bénédicte aliona aibu kwa dakika moja, kisha akamchagua Ibrahim, kwa sababu Ibrahim ana kumbukumbu ya kasuku. Alimpa fisi. Walitunga pamoja mwanzo mpya, na baada ya miaka kumi na mmoja fisi hatimaye akapata mtu wa kumtumbukiza shimoni: mke wake. Ibrahim alikariri yote kwa siku tatu. Alipoulizwa kama anaogopa, alisema haogopi, kwa sababu fisi huyo ni wa karatasi, ila aliomba ile sehemu ya mke, isiyo ya kitabuni, aiseme haraka haraka.

Jumanne ilifika. Asubuhi, kama kila asubuhi kabla ya kengele, Bénédicte alisimama nyuma ya choo cha walimu, mahali pekee mtandao unapopatikana, akampigia mama yake aliyeko Sange. Mama ana pumu. Bénédicte hampigii kwa maneno, anapiga kusikia pumzi inavyotoka.

"Umelala, Mama?"

"Nililala kidogo. Kifua kilinisumbua, lakini nililala. Leo ndiyo siku ya kasha yako?"

"Ndiyo leo."

"Mungu akusaidie, mutoto wangu," mama alisema, na kikohozi kikamkata.

Monsieur Cyprien alishuka kwenye pikipiki saa nne, suruali imekunjwa juu ya soksi, karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Aliketi mbele, kwenye kiti cha mwalimu, akachora visanduku vitano. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa visanduku.

Na watoto, Mungu awabariki, waling'ara! Ngongo alitoa methali tatu za Kifuliiru na maana zake, na hakutaja simu yoyote. Vitendawili vilimshinda mkaguzi mwenyewe, viwili, akacheka. Beti za bibi yake Ibrahim zilighaniwa na darasa zima, na ubao haukudondoka. Mchezo ulikuwa wa sokoni, viazi vyote vikarudi kwa wenyewe. Visanduku vinne vikapata alama. Mkuu wa shule, aliyesimama mlangoni, alianza kujifuta jasho kwa furaha.

"Bien. Sasa hadithi," mkaguzi alisema.

Ibrahim akasimama, akafunga mikono mgongoni, akaanza. Alimtumbukiza fisi kwa kasi ya ajabu, akafika kwenye kilio. Mkaguzi alikuwa akitikisa kichwa kwa mdundo, kisha kichwa kikasimama.

"Ngoja, ngoja. Huyu fisi namufahamu. Mutoto wangu iko na hiki kitabu. Lakini kule aliyemuangusha si mke wake, ni deni ya ndizi." Akamgeukia Bénédicte. "Madame, nilisema ya nyumbani. Ya kinywa. Kimanga walikuwa na shida hii hii, wakanisomea kitabu, nikawapa sifuri kwa hadithi. Nitafanya tofauti hapa?"

Kwa hiyo Kimanga walishindwa! Kasha lilikuwa pale, umbali wa hadithi moja. Bénédicte aliangalia benchi moja baada ya jingine. Watoto walitazama vidole vyao vya miguu. Alimtazama Gikundiro, akamtazama kwa macho ya kuomba, mtu mzima akimwomba mtoto wa miaka kumi na moja, na Gikundiro akaanza kutiririkwa na machozi bila sauti, midomo ameibana kwa meno.

"Wanaona haya," mkaguzi alisema, akiangalia saa. "Madame, hebu utoe weye moja, fupi, ya kwenu. Wakishasikia, watafuata."

Mbona hakulifikiria hilo? Lilikuwa jambo rahisi. Bénédicte alizijua hadithi ishirini, alilelewa nazo, mama yake alizisimulia huku akichambua maharage. Alisogea mbele ya darasa, akashika ukingo wa meza. Jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya sakafu. Yeye ana diploma. Yeye amewapigisha watoto magoti kwa jambo hili hili, amewaita wajinga.

"Kulikuwa..." alisema.

Akasikia kikohozi cha asubuhi.

"Kulikuwa..."

Kuku walipita chini ya dirisha. Darasa zima lilikuwa limeinua nyuso sasa, macho arobaini na manane mara mbili yanamtazama, na haikuwa dhihaka. Walikuwa wanamhofia. Ngongo alikuwa akitikisa kichwa kidogo, kumwambia, acha, Madame, acha. Bénédicte alifungua mdomo kwa mara ya tatu, na hakikutoka kitu. Alijichukia. Alichukia kasha, mijusi, mkaguzi na visanduku vyake, akamchukia zaidi yule mwanamke aliyesimama mbele ya watoto na diploma yake akiogopa jua.

"Siwezi, Monsieur l'Inspecteur," alisema.

Mkaguzi alishika kalamu kuandika sifuri.

"Minye nitatoa."

Lilikuwa benchi la tatu, karibu na dirisha. Tumaini alikuwa amesimama, sare yake imefifia mabegani, inanuka kidogo moshi wa samaki. Kwa wiki tatu hakuwa amesema neno katika somo hili, na Bénédicte, ambaye alimwona kila siku, hakuwa amejiuliza kwa nini mtoto huyu peke yake hakutoa kisingizio.

"Tumaini, hapana," alisema. "Kaa, mutoto wangu. Si lazima."

"Haina shida, Madame," Tumaini alisema. "Kwangu haina shida tena."

Mkaguzi hakuelewa. Darasa lilielewa.

Akasimulia. Hakufunga mikono mgongoni. Alisimulia kwa mikono, kama wanavyofanya wanawake wakiwa jikoni. Kulikuwa mama na binti yake, nyumba yao ya mwisho katika kijiji, na mama akaenda shamba la mbali akasema, binti yangu, moto huu usizime mpaka nirudi. Akaja mzee akitetemeka kwa baridi, akaomba kaa la moto, binti akampa. Akaja mjamzito, akampa. Akaja hata yule jirani mchoyo aliyewahi kuwanyima chumvi, binti akawaza, akawaza, akampa. Kila aliyeomba alipata, na moto haukuzima. Lakini mama aliporudi, giza limeshaingia, alikuta nyumba zote za kijiji zinatoa moshi, na hakujua tena ipi ni yake. Akasimama njiani, akaimba.

Hapo Tumaini akaimba. Sauti yake haikuwa nzuri, ilikuwa nyembamba na yenye mikwaruzo, na maneno yalikuwa machache: nani anachunga moto wangu, nani anachunga moto wangu. Akaimba sehemu ya mama mara tatu. Kila mara alingoja kidogo, kama anayesikiliza kutoka mlangoni, na mara ya tatu akaitikia sehemu ya binti: ni mimi, pita huku, ni mimi, pita huku. Na mama akafuata sauti hadi nyumbani.

Alipomaliza alibaki amesimama. Ngongo alikuwa amejifunika uso kwa daftari. Mkuu wa shule alikuwa ametoka nje ya mlango, na alionekana mgongo tu.

"Ah, magnifique!" mkaguzi alisema, akapiga makofi mwenyewe. "Hii ndiyo hadithi! Iko na mwanzo, iko na wimbo, iko na mafundisho. Munaona? Si ilikuwa rahisi?" Akatia alama kisanduku cha tano, mara mbili, kwa furaha. "Nani alikufundisha, mutoto?"

"Mama."

"Basi ukifika nyumbani umwambie Inspecteur amemushukuru sana."

Watoto arobaini na saba waliangalia sakafu. Bénédicte alitaka kusema, alitaka dunia isimame ili aseme, lakini Tumaini alikuwa ameshajibu, kwa adabu kama anavyofunzwa mtoto kumjibu mkubwa:

"Ndiyo, Monsieur."

Kasha lilifika Alhamisi, limefungwa kwa mipira nyuma ya pikipiki. Shule nzima iliimba. Mkuu alitoa hotuba, na chaki mpya pakiti nzima. Bénédicte alipanga vitabu juu ya meza kwa aina zake, mashairi huku, michezo huku, hadithi huku, kazi aliyoiota kwa miaka kumi na mmoja, na aliifanya kwa mikono mizito. Alikuwa amelipata kasha lake. Angependa kumpa mtu lawama, na kila alipotafuta wa kumlaumu alijikuta anarudi kwake mwenyewe. Jana yake alikuwa amemwita Tumaini pembeni, akamwomba radhi kwa ile siku ya magoti. Tumaini alisikiliza, kisha akamuuliza kama vitabu vitaruhusiwa kufika Kalundu, kwa sababu mama mdogo hajui hadithi.

"Vitafika," Bénédicte alisema. "Weye utachagua wa kwanza."

Alhamisi hiyo akachagua kinene kuliko vyote.

Wakati wa mapumziko Bénédicte alichungulia dirishani. Alitarajia kuona watoto na vitabu. Vitabu vilikuwepo, vimewekwa chini kwa heshima juu ya kipande cha kitenge. Watoto wenyewe, wa darasa la tano na wa madarasa mengine, walikuwa wamemzunguka Tumaini ukutani, jua la saa nne likiwapiga utosini, na Tumaini alikuwa akisimulia. Katika shule nzima ni yeye aliyeweza. Gikundiro alikaa mbele kabisa, simu ya mama yake bado haipatikani, akisikiliza kama mwenye njaa.

Katoto ka darasa la kwanza, kalikokuwa kameketi karibu na Gikundiro, kalimvuta sketi.

"Na minye nataka kuhadisia mchana," kalisema kwa sauti. "Kama Tumaini."

Gikundiro alikaziba mdomo kwa kiganja, haraka, kwa nguvu, na watoto wengine watatu wakaongeza viganja vyao juu ya cha kwake. Tumaini alinyamaza. Alingoja mpaka walipokaachia, akaendelea pale alipoishia.